Jumamosi Saa Kumi, Dada Yupo kwenye Runinga

Jumatatu, 3 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba, hata kabla hujaniamkia. Mimi mzima. Wewe je, na watoto? Yule mchanga ameota jino au bado anawanyima usingizi nyumba nzima? Baba yao karudi kutoka kule kwenye ujenzi?

Basi juzi Jumamosi wameanza kunionyesha. Unakumbuka nilivyokuambia siku ile niliyotia sahihi. Kliniki ilinipa nafasi ya kufanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo kwa sharti kwamba kamera zinifuate kuanzia kabla ya kisu hadi Desemba iliyopita. Tuko watu watano. Kipindi wamekiita Kabla na Baada, na jina langu hawalitaji, mimi ni "Mwalimu" tu. Kila Jumamosi saa kumi jioni, wiki kumi.

Kipindi kilipoisha nikakaa na simu saa nzima nikisoma watu wanavyoandika. Wako waliotuma mioyo na maua, wengi tu. Lakini mmoja aliandika, "Huyu amelimeza darasa zima?" Hilo ndilo nililolala nalo. Mshauri wa kliniki alinipigia akaniambia niifute mitandao yote kwenye simu, na nimeifuta. Ila siwezi kukaa bila kujua. Mimi ni mwalimu wa darasa la kwanza, nikigeuka kuandika ubaoni lazima nijue nani ananong'ona nyuma yangu.

Ukinipigia simu utanionea huruma, halafu tutalia wote na sitajua lolote. Niandikie. Dereva wa karakana yenu ya kushona sare anafika hapa shuleni Jumatatu na Alhamisi, atabeba. Niambie watu wa kantini yenu wanasemaje, usifiche hata moja. Na usiwaambie mimi ni nani wako, ili waseme ya moyoni.

Wabusu hao wawili.

Dada yako


Jumatatu, 10 Machi

Shikamoo dada,

Sisi wazima. Jino limetoka, la chini, na limeshaanza kazi, nimeng'atwa mara mbili. Mkubwa anakusalimu, anasema yeye sasa anajua kuhesabu mpaka ishirini ila kumi na saba haipendi, anairuka. Baba yao bado yuko kazini mbali, anarudi mwisho wa mwezi. Mimi nimechoka, lakini uchovu wangu unaujua, hauna habari mpya.

Haya, kantini. Runinga iko juu ya friji la soda. Jumamosi tunazima cherehani saa tisa, na wiki hii watu hawakuondoka. Nilikaa nyuma kabisa na mtoto mgongoni ili wasinione uso.

Namba yako ilipotokea kwenye mizani, mia moja sitini na tatu, walicheka. Umesema nisifiche. Kantini nzima ilicheka, hata wapishi. Mkataji wetu, yule mzee wa mkasi, akasema, "Sare ya huyo inakula mita tano." Dada, nusura nimsahihishe. Ni mita nne na nusu, nani asiyejua, si mimi niliyekushonea?

Aliyeongoza ni Mama Vifungo. Ni yule anayekaa mwisho wa mstari, kila shati la shule hapa limepita kwake kutiwa vifungo. Yeye mwenyewe ana mwili hasa, kiti chake kimezungushiwa waya miguuni kisifunguke. Basi akasema kwa sauti, "Kwani kufunga mdomo nako kunahitaji daktari? Hiyo ni njia ya mkato ya wavivu." Watu wakamuunga mkono.

Halafu wakaonyesha pale unapolala umekaa kwenye kiti kwa sababu ukilala chali pumzi inakata. Binti wa pasi akaanza kulia. Ikaja sehemu ya shule, watoto wako wanagombania zamu ya kukubebea kiti, wanasukumana mlangoni, na wewe unawaambia, "Anayesukuma leo habebi." Hapo hakuna aliyecheka. Msimamizi wetu, ambaye tangu niajiriwe sijamsikia akisifu kitu ila uzi ulionyooka, akasema, "Huyu mwalimu anajua kazi yake."

Nilitamani nisimame juu ya meza. Nilimpakata tu mtoto nikamnyonyesha, kifua kimejaa kwa sababu mbili.

Mdogo wako


Alhamisi, 13 Machi

Mdogo wangu,

Barua yako nimeisoma mara tatu, nimecheka mpaka mwalimu mwenzangu kaja kuniuliza kulikoni. Mita nne na nusu! Ungemwambia tu.

Nashukuru kwa yote, na kwa lile la kucheka pia. Linauma, lakini la kwenye simu linauma zaidi kwa sababu halina uso.

Huyo Mama Vifungo simkasirikii. Akirudia tena hilo la njia ya mkato, wewe mfikirie tu yuko mezani kwangu. Miezi miwili ya mwanzo chakula changu kilikuwa kinaingia kwenye kikombe cha dawa ya kikohozi. Kijiko cha mtoto. Natafuna mpaka taya zinauma, nikikosea nikameza haraka, narudisha chote. Vidonge vya vitamini kila siku ya Mungu mpaka nitakapokufa. Na njaa ya tumbo ilipokwisha nikagundua kuna njaa nyingine, ya saa kumi na moja jioni, nikishasahihisha madaftari na nyumba iko kimya. Hiyo hawakuikata.

Lakini sasa nalala nimelala. Hilo peke yake nisingelibadilisha na kitu.

Dada yako


Jumatatu, 7 Aprili

Shikamoo dada,

Natumaini hujambo. Sisi wazima, ila mchanga ana mafua na mimi nina kosa la kuungama.

Juzi ilikuwa sehemu ya sita. Ile uliyosimama mbele ya kioo cha bafuni, umeinua mikono, na ngozi ya mikono inaning'inia, na unasema, "Hii nayo ni yangu, pako wapi pa kuiweka?" Mimi mwenyewe sikuwa nimeiona. Nikawa nalia huku nampangusa mtoto kamasi, sijui nani namfuta nini.

Mama Vifungo akasema, "Si ndiyo hayo. Unakatwa tumbo unabaki shati lisilopigwa pasi."

Dada, nilisimama. Nikasema, "Huyo ni dada yangu." Wakageuka wote. Nikaendelea, mdomo ukishafunguka unaujua. Nikasema huyo ndiye aliyenifundisha kusoma, ndiye aliyenilea mama alipotutoka, alikuwa na miaka kumi na tisa na mimi sita, akaacha chuo mwaka mzima. Nikamwambia Mama Vifungo, "Wewe umekaa hapo na soda ya pili mkononi. Siku utakayosimama mbele ya kioo na kamera, nitakuja nikucheke."

Hilo la mwisho halikuwa zuri. Nilijua hata kabla halijaisha kutoka. Yule mama akaiweka chupa chini taratibu, akachukua mkoba wake akaondoka kabla kipindi hakijaisha.

Basi tangu hapo sina habari za kukupa, kwa sababu wote wamekuwa wema. Leo asubuhi mkataji kaniambia, "Dada yako ni jasiri." Binti wa pasi anataka picha yako. Msimamizi, aliyekuwa ananiita Mashine ya Saba, kaniita kwa jina mbele ya watu. Nisamehe kwa kuvunja agizo lako. Ila nikisema ukweli, sijutii. Nimetembea kuelekea nyumbani nikiwa nimenyoosha shingo kama niliyetunukiwa cheti.

Mdogo wako


Alhamisi, 10 Aprili

Mdogo wangu,

Umevunja agizo, na mimi nimekusamehe kabla sijafika mwisho wa ukurasa. Ila kamwombe radhi yule mama kwa lile la soda. Unajua kwa nini.

Kuna jambo. Baada ya sehemu ya kumi watatuita studio, Jumamosi tarehe 7 Juni, tuonekane moja kwa moja, mubashara, jinsi tulivyo sasa. Tutapanda mizani mbele ya watazamaji. Nataka nivae nguo uliyonishonea wewe. Vipimo nitakutumia.

Mafua ya mtoto yakipita siku tano mpeleke akaonwe, usingoje.

Dada yako


Jumatatu, 28 Aprili

Shikamoo dada,

Mafua yalipona siku ya nne. Hujambo? Naona shule imekubana, sijapata neno tangu tarehe 10, wala vipimo.

Mama Vifungo nilimwomba radhi. Akasema, "Yamekwisha, mwanangu," lakini hanitazami machoni, na soda kaacha kununua.

Jana hata mwuza dawa wa mtaani kwetu, yule asiyecheka na mtu, kaniuliza, "Eti Mwalimu wa kwenye runinga ni wenu?" Nikamwambia wetu kabisa. Akanipa nafasi mbele ya foleni! Sikukataa, nilikuwa na mtoto mgongoni na mwingine mkononi.

Tuma vipimo. Usipotuma napima kwa jicho, na jicho langu unalijua, mtu akipita ng'ambo ya barabara nakutajia nyonga yake.

Mdogo wako


Jumatatu, 12 Mei

Dada yangu, shikamoo,

Ndani ya kifurushi hiki mna nguo yako.

Nakueleza ilivyokuwa. Sehemu ya kumi imetoka tarehe 3, umepanda mizani Desemba, tisini na nane. Kantini ilipiga kelele hadi mlinzi wa getini akaja mbio. Nilimwomba msimamizi aniruhusu kusogea karibu na runinga marudio yalipoonyeshwa Jumatatu mchana, nikakupima pale pale, bega, kifua, kiuno, nyonga. Halafu nikapunguza vidole viwili kila upande, kwa sababu Desemba ilikuwa zamani, sasa lazima umepungua zaidi.

Rangi ni bluu iliyokolea. Mkataji alikata mwenyewe, hakumwachia mtu mkasi. Binti wa pasi kaipiga pasi mara tatu. Hata Mama Vifungo kaja mezani kwangu bila kuitwa, akatia kifungo cha shingoni, akaondoka. Karakana nzima imeigusa nguo hii. Wamesema tarehe 7 wote watabaki.

Nimechoka mpaka macho yanafunga yenyewe, lakini tangu nijue kushona sijawahi kutoa nguo nikaipenda hivi.

Niandikie ikifika.

Mdogo wako


Jumatatu, 19 Mei

Dada,

Shikamoo. Hii ni ya tatu. Dereva anasema kifurushi alikikabidhi kwa mlinzi wa shule, na mlinzi alisema umekichukua kwa mkono wako. Simu yako inaita haipokelewi.

Kama unaumwa niambie. Kama nimekukosea niambie. Ukinyamaza naanza kutunga mambo mwenyewe kichwani, na kichwa changu siku hizi hakilali vya kutosha, kitatunga mabaya.

Mdogo wako


Alhamisi, 22 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba. Siumwi. Hujanikosea. Wabusu watoto.

Nguo ni nzuri kuliko zote ulizowahi kunishonea. Imeishia kwenye mapaja. Nilikaa kitandani nayo imenikwama nusu, sipandi sishuki, nikalazimika kumwita mwalimu mwenzangu anivue.

Kilo kumi na moja zimerudi. Mia moja na tisa.

Nilikuambia kuhusu ile njaa ya saa kumi na moja jioni. Kamera zilipoondoka Desemba, yenyewe ilibaki. Tumbo dogo halipokei sahani, lakini chai ya sukari inapita, biskuti iliyochovywa inapita, soda ikitulia kidogo inapita. Kidogo kidogo jioni nzima. Februari nikaacha kwenda kwenye mkutano wa kliniki kwa sababu huko wanapima. Na kila ulipokuwa unaniandikia jinsi kantini inavyonishangilia, nilikuwa nasoma na kikombe mkononi. Walikuwa wanamshangilia yule wa Desemba. Ningekuambiaje?

Vipimo sikutuma kwa sababu hiyo. Nilikaa na utepe kiunoni nikaukunja nikaurudisha kwenye droo.

Nimewapigia watu wa kipindi, nimewaambia ninaumwa, sitaweza kuja studio. Waache wanikumbuke nilivyokuwa. Nguo itunze, labda binti yako akikua.

Nisamehe kwa karakana yako.

Dada yako


Jumatatu, 26 Mei

Dada yangu,

Shikamoo. Watoto wazima, nami mzima. Sasa nisikilize. Leo mimi ndiye mkubwa, kesho nitakurudishia ukubwa wako.

Kwanza langu. Nguo zako zote, tangu ile ya kwanza iliyopinda bega, huwa naacha akiba ya kitambaa ndani ya mshono, vidole viwili kila ubavu. Hukujua. Uwe umeongezeka au umepungua, nguo inakufuata. Safari hii nikaikata. Niliona nikiiacha ni kama nasema sikuamini. Kwa hiyo nimepima picha ya Desemba, nimekata akiba, nikakutumia nguo isiyokuruhusu kupumua, halafu nikajisifu. Hata fundi wa siku ya kwanza hafanyi hivyo. Hilo ni langu, usilibebe.

Niliwaambia karakana kwamba haikutosha, nimekosea. Mkataji akanitazama juu ya miwani, "Wewe hukosei." Nikasema nimekosea. Nikarudi kwenye cherehani, masikio yanawaka.

Saa ya mapumziko Mama Vifungo akanivuta nje kwenye bomba la maji. Akaniuliza polepole, "Zimemrudia?" Sikumjibu, siri ni yako. Akasema, "Zangu zimerudi mara tatu. Nilifunga mdomo, nikapungua, zikarudi na wenzake. Hakuna aliyejua, maana sikumwambia mtu. Yule dada yako nilikuwa namwonea wivu, ndiyo maana nikamsema." Dada, mtu mzima, anaosha uso kwenye bomba ili watu wasijue analia.

Sasa lako. Unalala umelala au umekaa? Zile dawa za kisukari ulizoacha baada ya upasuaji, daktari amekurudishia? Ngazi za shule unazipanda? Nijibu hayo kwanza ndipo uniambie umeharibu. Mimi pia nilishangilia tisini na nane, nisidanganye. Lakini nilipokuwa nasimama kantini kukutetea ulikuwa huna tisini na nane yoyote. Ulikuwa umesimama bafuni unaning'inia ngozi, na nikasema huyo ni wangu, mbele ya watu arobaini.

Kama hutaki kwenda studio, usiende. Hakuna anayekudai. Lakini usiseme unaumwa. Niliposingizia homa darasa la tatu ili nisifanye mtihani, ulinishika mkono hadi mlangoni kwa mwalimu na kuniambia niseme mwenyewe kwamba sikusoma. Sasa na wewe piga simu useme mwenyewe, siji kwa sababu sitaki. Ukiweza kulisema hilo, baki nyumbani, nami nitakaa kantini tarehe 7 nitazame hao wanne, basi.

Na kliniki nenda, studio au bila studio. Kesho. Usinijibu kwanza, nenda kwanza.

Ndani ya bahasha kuna utepe wangu wa kupimia, ule wa njano. Kama unakwenda studio, rudisha nguo na vipimo vya mwili ulio nao. Safari hii sikati kitu mpaka nione namba kwa mwandiko wako.

Mdogo wako anayekupenda na kukukasirikia


Alhamisi, 29 Mei

Kifua 116. Kiuno 108. Nyonga 127.

Kliniki nilikwenda Jumatano. Mkutanoni nilikaa kiti cha mbele.

Nguo hii hapa.

Dada yako


Jumatatu, 2 Juni

Dada,

Shikamoo. Akiba haikuwepo, kwa hiyo sikuweza kuficha nyongeza. Nimefungua ubavu wote wa kulia na wa kushoto, kuanzia kwapani hadi pindo, nikatia kipande kila upande. Kitambaa cha bluu kilikwisha. Nikasema kama kitaonekana, basi kionekane, nikaweka njano. Mkataji alipoiona akasema sasa ndiyo imekuwa nguo, mwanzo ilikuwa sare.

Vidole vitatu vya akiba ndani. Umeambiwa.

Vaa, inama, kaa, inua mikono. Ikikukaba popote nipigie simu, na upokee.

Mdogo wako


Jumanne, 10 Juni

Shikamoo dada yangu,

Najua ulirudi salama, ulivyonipigia jana tulilia tu wote wawili kama ulivyotabiri, na sikuweza kukueleza lolote. Kwa hiyo nakuandikia yale usiyoweza kuyaona kwa sababu ulikuwa upande wa pili wa kioo cha runinga.

Kantini ilijaa. Watu walikuja na watu wao. Mkubwa wangu alikaa juu ya meza ya mbele, kaniambia nisimshushe. Mchanga alilala kipindi chote, na makelele yote yale.

Wale wanne wengine tuliwaona wakipanda. Wote walivua viatu. Yule dada wa kwanza akavua na hereni. Yule baba akavua mkanda, akavua saa, akatoa na funguo mfukoni, kantini ikacheka kwa huruma. Halafu ukaja wewe. Binti wa pasi akapiga kelele, "Njano yetu!" Umesimama mbele ya mizani na mtangazaji akakuambia, "Mwalimu, viatu." Ukamwambia, "Nimekuja na viatu, nipimeni na viatu." Akacheka akidhani ni utani. Ukapanda.

Mia moja na saba.

Dada, mtangazaji macho yake yakaanza kutafuta karatasi. Akaanza, "Kwa hiyo Mwalimu, tunaweza kusema kidogo mambo hayakwenda..." Na Mama Vifungo akaifokea runinga, nakuapia, amesimama na kidole kakinyoosha, "Mwache mtu aseme mwenyewe!" Na wewe ukamkata yule mtangazaji kana kwamba mmepangana na Mama Vifungo. Ukasema, "Wiki mbili zilizopita zilikuwa mia na tisa. Kabla ya hapo nilijificha miezi mitatu. Niliwadanganya watu wa kipindi kwamba naumwa, na wako hapa, nawaomba radhi. Mlioko nyumbani na zimewarudia, rudini kliniki. Mkifika mkanikuta, nisogezeeni kiti nikae na nyie." Kisha ukamwangalia yule anayeandika namba ukamwambia, "Mia moja na saba. Andika vizuri, saba yako inafanana na moja."

Hapo ndipo tulipopiga kelele. Mwaka mzima wa kelele za kantini haufiki hizo. Msimamizi alinishika mkono akautikisa, akautikisa tena. Mkataji alivua miwani. Sijui wale wa kwenye simu wameandika nini, na sitaki kujua. Kantini yangu nimeiona.

Wako walioguna pia, nisifiche. Mpishi mmoja alisema kisu kimepotea bure. Alijibiwa na watu sita kwa pamoja, sikupata hata nafasi.

Jana asubuhi Mama Vifungo alikwenda kwa msimamizi kuomba ruhusa. Sisi wote tukiomba ruhusa tunasema homa, au msiba, au mtoto. Yeye kasimama katikati ya karakana, cherehani zote zinasikia, akasema, "Naomba kesho nusu siku. Nakwenda kliniki kwa ajili ya uzito wangu." Msimamizi akasema, "Nenda." Akaongeza, "Nani anakusindikiza?" Nikainua mkono.

Kwa hiyo nakuandikia nikiwa kwenye benchi la kliniki ya huku kwetu, mtoto yuko mapajani anakula kona ya bahasha yako. Tumefika saa moja asubuhi. Ameniambia habari za vifungo tangu tufike, vya matundu mawili na vya matundu manne, hajanyamaza, najua ni woga.

Nesi amemwita. Amesimama. Amekaa tena. Sasa hivi, dada, nikiwa naandika mstari huu, kaniinamia na kuninong'oneza, "Hivi dada yako hakuvua viatu kabisa?"

Nikamwambia hakuvua.

"Basi nami sivui."

Amenikabidhi mkoba, ameingia. Mlango haujafungwa vizuri. Nesi anamwambia avue, na namsikia kutoka hapa anavyombishia.

Mdogo wako